Raba na Mkaa: Fikira za Mwalimu juu ya Sanaa ya William Kentridge

Aghalabu katika kurasa hizi huzungumzwa habari za sarufi, za ushairi na za mbinu za kufundishia. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumza habari za raba, yaani kile kifutio cha penseli kinachouzwa kwa bei ndogo katika kila duka la madaftari mjini Mbarara. Huenda jambo hili likaonekana dogo kwa walimu wazoefu. Nasi tuliliona dogo, hata siku tulipotambua kwamba tumemkosea mwanafunzi kwa sababu yake.

Tunafundisha Kiswahili mjini Mbarara. Wanaoifahamu Uganda ya Magharibi hawahitaji kuambiwa kwamba kazi hii ina uzito wake. Lugha ya nyumbani huku ni Runyankore, na kwa miaka mingi wazee wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini uamuzi wa serikali ni jambo moja, na ulimi wa mtoto ni jambo jingine.

Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili akitoka Mbarara, akashika barabara ya kusini kupitia Kabingo, kisha akakata kuelekea ziwa Nakivale kati ya migomba na malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu, hupata faraja asiyoitarajia. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Kiswahili hakihitaji kupigiwa debe. Mkongo humwuzia Mrundi dagaa kwa Kiswahili, na Mnyarwanda humrudishia Msomali chenji kwa Kiswahili hicho hicho. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwanza kwa ajili ya Wanyarwanda. Yaani umri wake umeupita uhuru wa Uganda. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, na wengi wao wametoka Kongo ya Mashariki. Kwa mihula kadhaa tumekuwa tukienda huko siku za Jumamosi kusaidia kikundi cha vijana wanaojifunza kuandika insha.

Siku moja tuliwapa vijana hao mada ambayo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuitoa: "Safari Nisiyoweza Kuisahau". Tukiikumbuka sasa tunaona haya. Kumtaka mtoto aliyekimbia vita aandike habari za safari asiyoweza kuisahau ni kumtaka afungue kidonda ili sisi tumsahihishie viambishi. Kijana mmoja kutoka Kivu, mwenye umri kama wa miaka 14, alitumia saa nzima katika ukurasa mmoja. Aliandika, akafuta, akaandika juu ya pale alipofuta, akafuta tena, hata karatasi ikatoboka mahali pawili na kugeuka rangi ya moshi. Hatukuisoma. Tuliitazama tu, tukaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Chafu. Futa vizuri. Andika upya."

Jumamosi iliyofuata alituletea ukurasa safi kama sahani iliyooshwa. Ulikuwa na sentensi tatu: walitoka kwao, walitembea, walifika. Hapakuwa na kosa hata moja la sarufi, wala lile neno "muzuri" la Kiswahili cha Kongo ambalo tulikuwa tumelipiga vita tangu mwanzo wa muhula. Tulimpa alama nzuri. Tena tuliliinua daftari lake mbele ya wenzake liwe mfano.

Haikutupitikia hata kidogo kwamba tumefanya kosa, mpaka miezi michache baadaye tulipopata filamu fupi ya William Kentridge, tukaipeleka Nakivale na kuionyesha kwa projekta ya kuazima juu ya shuka lililotundikwa ukutani. Ili msomaji aelewe yaliyotupata siku hiyo, hatuna budi kwanza kumweleza msanii huyu ni nani.

Kentridge alizaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1955. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanasheria. Baba yake, Sydney Kentridge, aliiwakilisha familia ya Steve Biko katika uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977. Msanii huyu amesimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka sita alifungua sanduku la manjano katika chumba cha kazi cha baba yake, akitumaini kukuta chokoleti, akakuta picha za watu waliopigwa risasi na polisi huko Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, siku walipouawa watu 69. Mtoto alikuwa ameona, na alichokiona hakingeweza kurudishwa sandukuni.

Maisha yake ya kazi hayakunyooka. Alisoma siasa na masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akasomea uchoraji. Alijaribu rangi za mafuta, akaona hazimwendei. Mwaka 1981 alikwenda Paris katika shule ya Jacques Lecoq, ambako mwigizaji hufundishwa kusema kwa mwili kabla ya kusema kwa maneno. Akarudi akiwa na hakika kwamba uigizaji si riziki yake. Alifanya kazi ya kutayarisha mandhari za filamu na za michezo ya televisheni. Mwenyewe husema bila kuficha kwamba kushindwa kwake ndiko kulikomwokoa. Kila mlango uliofungwa ulimrudisha kwenye karatasi na mkaa.

Mwaka 1989 alitoa filamu yake ya kwanza katika mfululizo uliompatia jina, iitwayo "Johannesburg, 2nd Greatest City After Paris". Sanaa hii ya kuitia michoro uhai, ambayo siku hizi twaiita uhuishaji, huhitaji picha nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo. Watengenezaji wengi wa katuni hutumia karatasi mpya kwa kila mjongeo ili picha iwe safi. Kentridge hafanyi hivyo. Huweka karatasi moja ukutani, na kamera hatua chache kutoka hapo. Huchora kwa mkaa, akaiendea kamera na kupiga picha moja au mbili; huirudia karatasi, akaufuta mkono wa mtu na kuuchora umeinuka kidogo; kisha huiendea kamera tena. Siku nzima hupita katika kwenda na kurudi huko, na jioni huwa amepata sekunde chache tu za filamu. Na kwa kuwa mkaa ukifutwa haumaliziki, nyuma ya kila mtu anayetembea hubaki ukungu wa kijivu, alama ya mahali alipokuwa kabla hajasogea.

Filamu tuliyoipeleka Nakivale inaitwa "Felix in Exile", yaani Felix akiwa uhamishoni. Ilitengenezwa kati ya mwaka 1993 na 1994, kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994 ulioukomesha utawala wa ubaguzi wa rangi. Ina urefu wa karibu dakika 9, na hakuna mtu anayezungumza. Mtu mmoja yumo peke yake chumbani, mgeni, na sanduku lake la safari limejaa michoro. Michoro hiyo ni ya mwanamke Mwafrika aitwaye Nandi, mpima ardhi, anayeichora nchi yake na maiti zilizolala juu yake. Magazeti huja kuzifunika maiti, kisha ardhi yenyewe huzimeza, nyasi zikabaki kama kwamba hapakutokea jambo. Mwishowe Nandi naye hupigwa risasi na kuzama katika ardhi aliyokuwa akiipima.

Vijana walitazama kimya. Tulikuwa tumeandaa maswali ya ufahamu, lakini kabla hatujayatoa, binti mmoja aliyeketi mbele aliinua mkono akasema, "Mwalimu, juu ya nini hakufuta muzuri?"

Kwa desturi tungalianza kwa kulisahihisha lile "muzuri". Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito. Tulipokuwa bado tunatafuta jibu, yule kijana wa ukurasa safi alijibu kutoka nyuma, bila kusimama: "Akifuta yote, hautajua kama ule mutu alipitaka pale."

Tulimfuata baada ya kipindi, tukamwuliza ukurasa wake wa kwanza uko wapi, ule tulioukataa. Akasema uko nyumbani. Tukaenda naye. Mama yake alikuwa akipika nje. Alitukaribisha kwa heshima, akatupatia kigoda. Tulipomweleza tulichokifuata alitutazama kwa mshangao. "Ile karatasi tuliwashiaka moto, Mwalimu," akasema. "Si ulisema ni chafu?"

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimwomba radhi mama yule, na tukamwomba radhi mwanawe mbele yake.

Njiani kurudi Mbarara tulijiuliza ni kurasa ngapi tumeziteketeza hivyo katika miaka yetu ya ualimu. Raba ni chombo chema, wala hatusemi mtoto asifundishwe unadhifu. Lakini kufuta kuna namna mbili. Kuna kufuta kwa mtu anayetafuta neno la kweli zaidi, na kuna kufuta kwa mtu anayetaka ionekane kwamba hapakuwa na kitu. Mwalimu anayetazama usafi peke yake hawezi kuzitofautisha namna hizi mbili. Tena, bila kujua, humsukuma mtoto kutoka ile ya kwanza kwenda katika ile ya pili.

Kentridge mwenyewe aliipeleka tofauti hii jukwaani. Kuanzia mwaka 1992 alishirikiana na kikundi cha vikaragosi cha Handspring cha Afrika Kusini, akiongoza michezo na kuitengenezea mandhari kwa michoro yake iliyoonyeshwa nyuma ya waigizaji. Mwaka 1997 walitoa mchezo ulioandikwa na Jane Taylor, "Ubu and the Truth Commission", unaohusu tume iliyosikiliza ushahidi wa mateso ya enzi ya ubaguzi. Katika mchezo huo yumo mamba, naye ni kikaragosi, na kazi yake ni kumeza nyaraka zinazoweza kumtia mhalifu hatiani. Huyo mamba ndiye raba ya namna ya pili. Jukwaani humo humo mashahidi husema kwa vinywa vya vikaragosi vya mbao vilivyochongwa polepole, kila alama ya patasi ikionekana usoni.

Kisha alialikwa kwenye majumba makubwa ya opera. Mwaka 2005 alitayarisha huko Brussels opera ya Mozart iitwayo "The Magic Flute", na sisi walimu tutafurahi kujua kwamba alijenga sehemu kubwa ya mandhari yake juu ya wazo la ubao mweusi na chaki nyeupe. Mwaka 2016 alifanya jambo la ajabu zaidi katika jiji la Roma. Katika ukuta wa mto Tiber alitengeneza msafara wa picha wenye urefu wa zaidi ya mita 500, na hakutumia rangi hata tone. Alioosha uchafu wa miaka mingi kuzizunguka picha, na uchafu uliobaki ndio uliokuwa picha.

Yuko mwenzetu aliyetuuliza, tulipomsimulia haya, kwa nini tumwendee Mzungu wa Afrika Kusini, mwana wa mawakili, kutafuta somo la watoto wa Nakivale. Swali ni la haki. Tunamjibu kwanza kwamba njia hii haina mwenyewe. Jean-Michel Kibushi wa Kongo naye alianzia katika masomo ya uigizaji mjini Kinshasa kabla ya kuingia katika uhuishaji, na mwaka 1992 alitoa filamu fupi kuhusu uporaji uliolikumba jiji hilo Septemba 1991. Pili, Kentridge alikuja kugusa historia yetu wenyewe, tena mahali ambapo sisi walimu wa Kiswahili tumepafuta vizuri mno.

Mwezi Julai mwaka 2018, katika jumba la Tate Modern jijini London, alionyesha mchezo mkubwa uitwao "The Head & the Load". Jina lake limetokana na methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Muziki ulitungwa na Philip Miller pamoja na Thuthuka Sibisi, na ngoma zikapangwa na Gregory Maqoma. Mchezo huo unahusu wapagazi wa Kiafrika katika Vita Kuu ya Kwanza. Jukwaa lilikuwa refu mno, na juu yake watu walipita wakiwa na mizigo ya kila aina vichwani, huku vivuli vyao vikitupwa ukutani na kuwa vikubwa kuliko wao.

Hadithi hiyo ni yetu. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kubebea, na barabara za magari zilikuwa chache. Hivyo risasi, unga na dawa vilibebwa vichwani mwa watu, kila mmoja na mzigo wa kilo 25 hivi. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali ndivyo wapagazi walivyohitaji wapagazi wengine wa kuwabebea wao chakula. Walioandikwa na Waingereza pekee wanakadiriwa kufika karibu milioni moja, na waliokufa karibu laki moja, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Maelfu walitolewa Uganda kuhudumia jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo, likaingia Rwanda na kufika Tabora Septemba 1916. Vita huku vilikoma tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya. Wengi wa marehemu hao hawana kaburi lenye jina. Wameacha neno moja katika ramani, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yaani "Carrier Corps", jina la kikosi chao lililogeuzwa na ndimi za watu. Na leo twanunua humo vitenge na viazi bila kuwakumbuka.

Tena tunayo methali, nayo tumeifundisha mara nyingi: "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi". Maana tunayoiandika ubaoni ni kwamba kazi ngumu apewe aiwezaye. Ni maana safi, iliyofutwa vizuri. Chini yake kuna misafara mirefu ya kutoka Tabora kwenda pwani, kuna mabega yaliyoota sugu, na kuna mazoea ya kuona kwamba fulani kaumbwa kubeba. Hatusemi methali iachwe. Twasema mwalimu aioneshe na ile alama ya kijivu iliyo chini yake. Ipo pia methali ndugu yake isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hii sasa twaifundisha kwanza.

Jumamosi mbili baada ya tukio lile tuliwaambia vijana wa Nakivale kwamba hatutaandika. Tulitundika karatasi kubwa ukutani, tukaokota vipande vya mkaa kutoka kwenye majiko ya majirani, na simu ya mmoja wetu ikawa kamera. Walichora, wakafuta kwa kitambaa na kwa viganja, wakachora tena. Jioni walikuwa na filamu isiyofika sekunde 10, ya mtu mmoja anayetembea kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia akiwa na furushi kichwani, na nyuma yake ukungu wa kila hatua. Giza lilipoingia waliwasha taa nyuma ya shuka, wakapita mmoja mmoja na vyombo vya nyumbani vichwani: jerikani, godoro lililokunjwa, sufuria. Wazazi waliokuja kutazama walicheka mwanzoni. Halafu wakanyamaza, na mzee mmoja akavua kofia.

Yule kijana ndiye aliyelichora furushi. Alilichora na kulifuta mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya picha, hata likawa jeusi na zito. Wenzake walimwuliza mna nini ndani. Alisema atakapokuwa tayari ataandika.

Tangu siku hiyo tumebadili mambo machache, nasi tunayapendekeza kwa walimu wenzetu. Rasimu ya kwanza haitupwi wala hairudishwi na neno "chafu". Huhifadhiwa nyuma ya daftari, na mwanafunzi akikubali huulizwa, kwa faragha, kwa nini alibadili pale alipobadili. "Muzuri" huandikwa ubaoni kando ya "vizuri", na wote hujua ni wapi kunasemwa hivi na ni wapi kunasemwa vile. Mada ya safari hatuitoi tena kwa lazima. Gharama ya mabadiliko haya ni muda wa mwalimu tu, nao twajua kwamba ni mchache.

Ukurasa ule ulioungua hautarudi. Kijana bado hajaandika, na sisi bado tunakwenda kila Jumamosi.